Mbao za Chumba cha Mama Bridgit

Roselida aliuona mwanya wa kwanza akiwa amepiga magoti. Alikuwa kwenye sala ya asubuhi, uso ameulaza kitandani, na alipofumbua macho aseme amina akakuta uzi wa mwanga umelala juu ya blanketi. Aliupapasa kwa kidole, akidhani ni uzi wa kweli umetoka kwenye pindo. Haukushikika. Akafuata ulikotoka mpaka ukutani, na pale kati ya ubao na ubao akauona ua wake mwenyewe: kuku, kamba ya nguo, na gurudumu la baiskeli ya jirani.

Ilikuwa Januari ya mwaka wa tisini na tano, na upepo mkavu ulikuwa umeshuka Malaba tangu sikukuu zilipoisha. Ni upepo ambao watu wa huku wanaujua. Hukausha mihogo iliyoanikwa juu ya mwamba, hupasua midomo ya watoto, na vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka huingia hadi kwenye chungu kilichofunikwa. Mbao za ukuta ule zilikuwa zimepigwa misumari Novemba tu, mvua ikinyesha.

"Baba Bridgit," aliita. "Njoo uone."

Mathew Okwara aliingia na kikombe cha chai mkononi. Aliinama, akaweka jicho moja kwenye ule mwanya, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni mmoja tu," alisema.

"Ni mmoja leo."

"Mbao hupumua, mama."

"Hii haipumui, imefungua mdomo. Nikivua nguo hapa, mtu wa barabarani atanihesabu mbavu."

Siku nyingine Mathew angecheka. Asubuhi ile alikunywa chai yake akiwa amesimama, akatoka. Wote wawili walijua Jumamosi kuna nini. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Funyula kuleta mahari ya binti yao Bridgit.

Kwa watu wa huku, mama mkwe na mume wa bintiye hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na siku ya mahari mama hukaa chumbani mwake mpaka wageni waondoke. Husikia kila neno, lakini haonekani, na hata nguo zake za chumbani haifai kijana azione. Akionekana, wazee wa upande wa pili wanaweza kusimama, wakachukua fimbo zao na kusema nyumba hii haina heshima. Kulikuwa na familia kule Amukura iliyoachwa hivyo, na msichana wao alikuwa bado nyumbani akiuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni.

Na nyumba ya Mathew haikuwa na sebule ya kutosha wageni. Wangekaa uani chini ya turubai, upande wenye kivuli. Upande wenye kivuli ulikuwa huo wa chumba.

Kabla ya mbao hizo nyumba ilikuwa ya matope kama nyingine nyingi, na haikuwa na aibu yoyote. Mathew aliitaka ya mbao kwa sababu ya nyumba nyingine, ile waliyoishi wakiwa vijana.

Alikuwa fundi wa njia ya reli, na katika stesheni ndogo walikopangiwa walipewa nyumba ya mbao. Mbao zake zililaliana kama magamba ya samaki, nyeusi kwa lami, na jua likiwaka zilitoa harufu ambayo Roselida mwanzoni aliichukia, kisha akaizoea, kisha akawa hawezi kulala vizuri mahali pasipo nayo. Mvua ilipozipiga, sauti yake ilikuwa kama mtu anayepepeta mtama. Bridgit alizaliwa mle. Gari la moshi lilipopita, vikombe vilivuma kwenye rafu, na mtoto alinyamaza kulia ili asikilize. Maisha yalikuwa ya taabu, mshahara ulichelewa, lakini miaka ilipopita Roselida hakukumbuka taabu. Alikumbuka vikombe.

Mathew alipopunguzwa kazi, walimkabidhi ufunguo mtu ambaye hakuinua macho yake kuwatazama. Njiani, godoro likiwa kichwani, Mathew alimwambia mkewe, "Nitakujengea nyingine ya mbao. Hata kama ni ukuta mmoja."

Ilimchukua miaka, na ukawa kweli ukuta mmoja wa chumba na nusu ya mwingine. Wakwe walipotuma habari kwamba watakuja Januari, Mathew alisema sasa ni wakati. Walienda pamoja kwenye yadi ya mbao ya Amollo, karibu na njia ya kwenda mpakani. Kulikuwa na mvule kutoka Uganda, uliovushwa kwa baiskeli, mkavu, wa rangi ya asali. Mathew aligonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole na ukaitika kama ngoma. Pesa yao ingetosha mlango tu. Kulikuwa na mkaratusi, wa bei rahisi, lakini mkaratusi hujipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Na kulikuwa na saipras, imeshushwa tu kutoka kwenye lori la Kitale, nzito, bado inatoa utomvu.

"Hii, mzee, iache kivulini mpaka mvua ziishe na kiangazi kiipitie," Amollo alisema. "Itakuwa kama chuma."

"Wakwe wanakuja Januari."

"Basi ilalishe ubao mmoja juu ya mwingine. Ikikauka ikasinyaa, haitaonyesha kitu."

Lakini zikilaliana, mbao walizoweza kununua zingeishia dirishani. Mathew alipima kwa utepe wake wa zamani wa reli, akapima tena, kisha akazipanga bega kwa bega, kila ubao ukigusa mwenzake bila kupandana. Roselida ndiye aliyemshikia ncha ya pili. Aliona maji yakichuruzika pale msumari ulipoingia. Alijua, kama Mathew alivyojua, kwamba hazijakauka. Lakini harufu ilikuwa imejaa chumba, na mumewe alikuwa na misumari mdomoni na uso wa yule kijana wa stesheni. Akamshikia ubao uliofuata. Jioni walisimama uani wakiutazama ukuta wao, laini na mwekundu-mweupe, hauna hata ufa wa kupitisha wembe.

Kufikia Jumatano mianya ilikuwa mingi. Kaka yake Mathew, mzee Lazarus, alikuja na mkewe Rosebella. Wao walikuwa na nyumba ya matofali upande wa pili wa njia, yenye madirisha ya kioo. Rosebella aliingiza kidole kwenye mwanya mmoja, kidole kizima, akakizungusha.

"Shemeji, hii ni nyumba ama ni kitana?"

Mathew alitabasamu kwa mdomo tu.

"Mimi sikuja kucheka," Lazarus alisema. "Ndugu yangu, wageni waje kwangu. Kuna sebule, kuna viti. Rosebella atakaa chumbani, atakuwa mama siku hiyo. Si sisi wote ni kitu kimoja?"

"Tunaweza kutundika magunia kwa ndani," Roselida alisema.

"Waone magunia kila mahali?" Rosebella akasema. "Watafikiri wanaoa kutoka kwa ghala la mahindi."

Mathew alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema polepole, "Labda ni vizuri iwe kwa kaka."

Roselida aliyasikia maneno yale. Alijua maana yake. Mwenye chumba ndiye mama. Blanketi ambalo wakwe humletea mama mkwe lingewekwa kitandani kwa Rosebella. Chai ya kwanza ya wakwe ingechemka kwenye jiko la Rosebella. Na miaka yote ijayo, watu wa Funyula wakisema "nyumbani kwa kina Bridgit", wangekuwa wanaona madirisha ya kioo akilini mwao. Yeye angekuwa mama mdogo fulani anayebeba sufuria.

"Hapana," alisema.

"Mama Bridgit," Mathew alimwambia, "usikatae kwa hasira."

"Sina hasira. Bridgit sikumzalia kwa matofali. Atatoka kwa nyumba yake, hata kama ni kitana."

Lazarus alichukua kofia yake. "Basi ikiharibika Jumamosi, msiseme hatukuwaambia."

Alhamisi Mathew alienda kanisani kuomba fito nyembamba za kufunika mianya. Kanisa lilikuwa linajengwa, na fito za dari zilikuwa zimelundikwa chini ya turubai. Mzee wa kanisa, Onyuka, alimsikiliza akiwa ameketi, bila kumkaribisha kiti.

"Okwara, hizi ni mbao za Bwana."

"Nitazirudisha Jumatatu, mzee. Nitang'oa hata misumari."

"Na Bwana akizihitaji Jumapili?"

Wanawake waliokuwa wakifagia walicheka chinichini. Mathew aliaga kwa adabu, kofia mkononi. Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka kwenye foleni ya malori, akawaomba madereva oili chafu waliyomwaga kutoka kwenye injini, wakamjazia mtungi. Hakuna mtu Malaba asiyeijua kazi ya oili chafu. Huzuia mchwa, huzuia maji, na huipa mbao weusi unaofanana na lami ya zamani.

Roselida alimkuta nyuma ya nyumba, ameichanganya na dizeli kidogo ili iingie, anapaka ukuta wa nje kwa brashi iliyokwisha manyoya.

"Walikunyima," alisema.

"Walininyima."

"Sasa unapaka ya nini?"

"Kama siwezi kuufunga, angalau ung'ae." Aliendelea kupaka, ubao kwa ubao, bila kugeuka. "Nilitaka uwe kama ule. Unaukumbuka?"

Roselida aliukumbuka. Alitaka kumwambia kuhusu vikombe, lakini akaona afadhali kuongea mambo ya kazi.

"Oili haitakauka kabla ya Jumamosi. Wageni wataegemea."

"Tutaweka mabenchi mbali. Bridgit ataambia watu."

Usiku ule waliomba pamoja kama kawaida yao. Mathew aliwaombea wasafiri, wagonjwa na serikali. Alipofika kwa mambo ya nyumba yake akakwama, na Roselida akamalizia kwa niaba yake.

Jibu lilimjia Ijumaa asubuhi, akiwa anasuuza mtungi wa maji. Roselida alizaliwa Budalang'i, karibu na ziwa, na baba yake alikuwa na mtumbwi wa mbao. Kulipotokea msiba, mtumbwi ulikaa nchi kavu wakati wote wa matanga, na jua liliufungua kila kiungo. Baba hakuwahi kuulaani. Aliusukuma kwenye maji ya kina kifupi, akaujaza mawe, akauacha uzame. Akiwa msichana, Roselida alisimama akiutazama ukiwa chini ya maji na kumwonea baba huruma, akidhani amekata tamaa. Baadaye mtumbwi ulitolewa, mbao zimevimba kwa maji, umefumba kama ngumi.

Nyumba haizamishwi. Lakini oili ilikuwa imepakwa nje tu. Ndani mbao zilikuwa tupu, zenye kiu.

Alimwita Bridgit na jirani yao Alaso. Walitundika magunia kwenye ukuta wa ndani kutoka juu hadi chini, kisha wakaanza kuyamwagia maji. Walichota kwenye pampu, wakarudi, wakamwaga, wakachota tena. Kitanda kilisogezwa katikati ya chumba. Sakafu ya udongo ikawa tope.

"Nimefua nguo, nimeosha maiti," Alaso alisema akikamua kanga yake. "Sijawahi kuogesha nyumba."

"Mwaga, usiongee."

"Naongea ndiyo maji yaingie. Mama Bridgit, na ikikataa?"

"Ikikataa nitakuwa nimepiga sakafu maji. Si dhambi."

Bridgit alikuwa akichota maji tangu asubuhi. Sasa aliweka ndoo chini. "Mama, si twende tu kwa mama Rosebella? Mimi sitajali."

Roselida alimtazama binti yake, tope hadi magotini, siku moja kabla ya ng'ombe wa mahari yake kuletwa. "Utajali," alisema. "Si kesho. Siku utakapokuwa umezaa."

Aliomba huku akimwaga. Hayakuwa maombi ya maneno mazuri. Kila ndoo alisema, Bwana, funga, na ndoo iliyofuata alisema hivyo tena. Mathew aliporudi mchana alisimama mlangoni, akaona, akavua viatu. Alichukua ndoo mbili akaenda pampuni, mwanamume akichota maji njia nzima ikimwona.

Maji hayakuwa na pa kutokea upande wa oili, kwa hiyo yaliingia ndani ya mbao na kukaa. Jioni mianya midogo ilikuwa imetoweka. Jumamosi kulipokucha walitoa magunia, na Roselida akapita akipapasa mianya kwa kidole. Imefumba. Imefumba. Imefumba. Karibu na kichwa cha kitanda palibaki mmoja, pale msumari ulipopasua ubao. Ule haukuwa mwanya wa kiu, ulikuwa jeraha. Aliuziba kwa sabuni ya mche, akaisukuma ndani kwa kijiko mpaka ikalingana na ukuta, akarudisha kitanda mahali pake na kutandika.

Wageni walifika kabla ya jua kuwa kali. Roselida alikuwa tayari chumbani, amevaa gauni lake la kanisani, ameketi kitandani mikono mapajani. Alisikia ng'ombe wakikohoa, viti vikivutwa, na sauti ya Bridgit ikionya, "Tafadhali msiegemee ukuta, ni mbichi." Alisikia Rosebella akiwakaribisha watu kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mathew alisalimia. Sauti yake ilianza vibaya, kisha ikanyooka.

Mazungumzo yalikuwa marefu, kama yanavyokuwa. Mjomba wa kijana, mzee mmoja mwenye sauti nzito, alimsifu ng'ombe mwekundu kana kwamba ndiye anayeolewa. Lazarus alisema ng'ombe huyo amekonda njiani. Mjomba akasema alikuwa analia kwa furaha ya kuja kwao, ndiyo maana hakula. Watu walicheka, na Roselida alicheka nao kimya kimya, mkono mdomoni.

Ndipo aliposikia kitu kikianguka. Hakikuanguka kwa kishindo. Joto la mchana na unyevu wa ubao vilikuwa vimeilainisha ile sabuni, na ilikuwa imeteleza, ikadondoka sakafuni kwa upande wa ndani. Kwenye mwanya palikuwa na mwanga, na ndani ya mwanga palikuwa na bega la mtu, sikio, na ukingo wa shavu la kijana asiyemjua. Alikuwa Wandera, mkwe wake. Kichwa kilianza kugeuka kuelekea ulikotoka mlio.

Roselida alifunga macho. Hakuweza kusogea, kitanda kingelia, na popote angeenda angepita mbele ya ule mwanya. Alikaa kama jiwe. Aliisubiri sauti ya fimbo zikiokotwa.

Alisikia kiti kikiburutwa.

"Wandera," mjomba alisema. "Unaenda wapi? Utaharibu shati."

"Nafuata kivuli, mzee."

"Kivuli kiko mpaka huku kwangu. Huoni ukuta una oili? Bridgit amesema."

"Niko sawa hapa."

"Vijana wa siku hizi," mjomba aliwaambia watu. "Wanavaa shati jeupe halafu wanatafuta injini ya lori."

Watu walicheka sana. Roselida alifumbua macho. Pale palipokuwa na mwanga palikuwa na weupe wa kitambaa, umebanwa kwenye ubao, na mbao zilitoa mlio mdogo kwa uzito wa mgongo.

Mgongo ule haukuondoka. Ng'ombe walihesabiwa, wakabishaniwa, wakakubaliwa, nao upo. Soda ililetwa, kijana akaipokea akiwa pale pale. Waliposimama kwa maombi, alisimama akiwa bado ameegemea, na Rosebella akasema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu bwana harusi ni mvivu hata kwa Mungu. Mathew alipewa nafasi ya kuomba, na safari hii hakukwama. Alishukuru kwa ajili ya nyumba aliyoitaja kwa neno moja tu, "hii", na Roselida alijua jinsi alivyoinua mkono kuelekea ukutani wakati wa kulisema.

Hatimaye viti vilianza kukunjwa. Mtu aliangua kicheko, kisha mwingine, kisha wanawake wote.

"Mungu wangu, mtazameni mgongo," Alaso alisema. "Amechapwa ubao mzima mzima."

"Umefanya nini na shati lako?" Ilikuwa sauti ya Bridgit, chini kidogo, ya mtu anayetaka kucheka na hajui kama inaruhusiwa.

"Ukuta wenu umenipenda."

"Hiyo oili haitoki, unajua?"

"Najua," Wandera alisema. "Twende, mzee ananingoja."

Ng'ombe walibaki. Sauti zilielekea barabarani, Mathew akiwasindikiza, Lazarus akimwambia mjomba jambo kuhusu matofali. Roselida alikuwa huru sasa kutoka nje kama mama mwingine yeyote. Hakutoka bado. Kijana yule angekuja nyumbani kwake miaka mingi, angemletea sukari na wajukuu, na hata siku moja hawangeshikana mikono.

Alisogea hadi kichwani kwa kitanda. Hakuchungulia. Aliweka kiganja chake juu ya ubao uliopasuka, akakilaza chote. Mbao za kando zilikuwa bado baridi kwa maji ya jana. Ule mmoja ulikuwa na joto.